Wacheni Kusugua Reli kwa Msasa!

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa muda, na najua bado nawadai sehemu ya tatu ya yale makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu ya kitu ambacho wengi wenu mtakicheka: uchafu unaokaa juu ya reli ya treni ndogo ya umeme, reli ambayo uso wake una upana wa kama milimita moja tu. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize. Uchafu huo umenigharimu mwanafunzi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba kila Jumamosi asubuhi huwa nawafundisha watoto wa mtaani kwetu, hapa Nairobi, kuandika programu za tarakilishi. Mtoto wa miaka kumi na tatu ukimwonyesha nambari zikipanda na kushuka kwenye skrini atapiga miayo. Lakini mwambie aandike msimbo, abonyeze kitufe, kisha treni iondoke stesheni kweli kweli mbele ya macho yake… hapo hutamtoa chumbani hata kwa chai. Kwa hivyo tuna meza ndefu yenye reli, vichwa viwili vya treni na mabehewa saba. Vingi ni mitumba ya Uingereza aliyoniletea shemeji yangu aliporejea nyumbani.

(Kwa wapenda hesabu: reli zetu zina nafasi ya milimita 16.5 kati yake. Zidisha kwa 87, kipimo wanachotumia Wamarekani na Wajerumani, unapata 1,435, ambao ndio upana wa SGR yetu. Lakini Waingereza huweka juu ya reli hizo hizo treni za kipimo cha 1 kwa 76, na hapo ukizidisha unapata 1,254, upana ambao reli zao kubwa haziutumii. Wanalijua hilo na wanalibishania mpaka leo. Tuendelee.)

Meza yetu imegawanywa vipande vinne vya reli, kila kipande kimetengwa na mwenzake kwa umeme. Waya unaolisha kila kipande unapita ndani ya koili ndogo inayohisi kama kuna mkondo. Kichwa cha treni kikiwa kwenye kipande kinavuta umeme, hata kikiwa kimesimama, kwa sababu taa yake na kile kijisaketi cha ndani, dikoda, vinahitaji kula. Koili inahisi, tarakilishi inaambiwa: kipande cha 3 kina treni. Mkondo ukikosekana, tarakilishi inaambiwa: kipande cha 3 ni kitupu. Mnaona tatizo? Mimi sikuliona.

Msichana mmoja wa gredi ya nane alipewa kazi ya kawaida kabisa. Treni mbili, njia moja. Treni ya pili isiingie kipande cha 3 mpaka treni ya kwanza itoke. Aliandika msimbo mfupi, msafi, mistari kama kumi na mitano. Akauendesha. Treni ya kwanza ikaingia stesheni, ikasimama. Treni ya pili ikasubiri kidogo, ikaondoka, ikaigonga ya kwanza kwa nyuma. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Angalia masharti yako tena," nikamjibu, bila hata kuinua macho.

Akaangalia. Jumamosi iliyofuata akaja na msimbo mwingine. Wakati mwingine ulifanya kazi, wakati mwingine treni ziligongana. Jumamosi ya tatu msimbo ulikuwa umefika mistari sitini, umejaa masharti ambayo yeye mwenyewe hakuweza kunieleza yako pale kwa nini. Jumamosi ya nne hakuja. Nilipompigia mamake simu akaniambia, kwa upole tu, "Mwalimu, amesema hiyo kazi ni ya watu wenye akili."

Siku hiyo nilibaki chumbani peke yangu baada ya watoto kuondoka. Nikatoa msimbo wake wa Jumamosi ya pili, nikauendesha, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na meza. Treni ya kwanza ikaingia stesheni, ikasimama. Taa yake ikazimika. Kwenye skrini: kipande cha 3 ni kitupu. Nikaisukuma kwa ukucha, kama milimita mbili. Taa ikawaka. Kwenye skrini: kipande cha 3 kina treni. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakizungushia kidole, nikakipitisha juu ya reli kutoka upande mmoja wa stesheni hadi mwingine. Kilitoka cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya kuni.

Na reli hiyo nilikuwa nimeisafisha asubuhi ile ile! Kwa msasa, kisha kwa spiriti ya duka la dawa, kama nilivyofanya kila Jumamosi kwa miaka miwili.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Ukimuuliza karibu mtu yeyote mwenye treni hizi akushauri, atakuambia "sugua". Chukua msasa laini, au kile kifutio kigumu chenye chembechembe kinachouzwa kwa kazi hiyo, sugua mpaka reli ing'ae. Na kweli, treni itatembea vizuri. Siku hiyo! Ni kama fundi wa tarakilishi ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kuizima na kuiwasha. Inafanya kazi, kwa hivyo hakuna anayeuliza kwa nini inabidi kuifanya tena wiki ijayo.

Hebu tuangalie kinachotokea. Reli nyingi za siku hizi ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki. Wazungu huiita fedha ya nikeli, ingawa haina hata chembe ya fedha ndani yake. Ikitoka kiwandani uso wake ni laini. Gurudumu likikaa juu yake linagusa sehemu ndogo mno, na umeme wote wa kichwa cha treni unapita hapo. Ukishapitisha msasa umeilima ile reli kama shamba. Gurudumu sasa linapanda juu ya matuta, na kila linaporuka kutoka tuta moja hadi jingine panatokea cheche ndogo isiyoonekana kwa macho. Cheche inaunguza chochote kilicho karibu: vumbi, mafuta, chuma chenyewe. Kinachobaki ni yale masizi meusi. Na masizi yanaenda kulala wapi? Ndani ya mifereji uliyoichimba wewe, mahali kitambaa hakifiki. Kwa hivyo wiki ijayo utahitaji nini? Msasa! Dawa inayotengeneza ugonjwa inaoutibu. Ingekuwa ni biashara ningesema kuna mtu anatajirika, lakini hapa tunajifanyia wenyewe, bure.

Najua kuna watakaosema, "Mimi nimesugua miaka thelathini na treni zangu zinatembea." Sawa. Pengine msasa wako ni laini sana, pengine unang'arisha reli baada ya kusugua, pengine treni zako ni kubwa na nzito. Reli kuukuu ya chuma iliyoshika kutu, au yenye gundi na rangi iliyomwagika wakati wa kujenga mandhari, hiyo isugue mara moja, sikatazi. Ninachokataa ni msasa kama desturi ya kila wiki.

Sasa tuje kwa viyeyusho, maana hapa watu huchapana makonde ya maneno. Mwaka 2019 Joe Fugate, mchapishaji wa jarida la Marekani linaloitwa Model Railroad Hobbyist, alitoa hoja iliyowaudhi wengi: kwamba alkoholi ya isopropili, ambayo karibu kila mtu aliitumia, ni sehemu ya tatizo. Hoja yake ni kwamba viyeyusho viko vya aina mbili. Kuna vile ambavyo molekuli zake zina upande chanya na upande hasi, na kuna vile visivyo na pande hizo. Kuna kipimo cha jambo hilo: maji yana kama 80, asetoni kama 21, alkoholi ya isopropili kama 18. Mafuta ya taa yana kama 2 tu, na waiti spiriti wanayotumia wapaka rangi iko karibu hapo. Alisema vile vya nambari za juu huacha reli katika hali inayochochea cheche, na vile vya nambari za chini huituliza.

Mimi kama mtu wa programu nilitaka kujua: alkoholi ikishakauka, hiyo nambari 18 inabaki wapi? Kiyeyusho kimeenda hewani! Sijaona jibu linaloniridhisha, na nadhani maelezo yake ya kisayansi yanavuta mbali kuliko ushahidi. Lakini nilijaribu. Nusu ya meza nikaifuta kwa spiriti ya duka la dawa, nusu nyingine kwa waiti spiriti kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kisha nikaikausha yote kwa kitambaa kikavu. Treni zile zile, vumbi lile lile. Baada ya wiki mbili upande wa spiriti ulikuwa unachafua kitambaa waziwazi. Upande wa pili ulitoa kijivu hafifu. Jaribio moja, meza moja, msidai ni sayansi. Lakini mimi nimehama.

Mkijaribu, zimeni umeme kwanza, fungueni madirisha, tumieni matone machache kwenye kitambaa wala msimwage juu ya reli, na msubiri kikauke kabisa kabla ya kuwasha. Hivi vitu vinashika moto, na tumekubaliana kwamba kuna cheche. Mafuta ya taa yangefaa pia, ila chumba kitanuka kama kibanda cha stovu na wazazi watauliza maswali.

Kuna wengine wanapaka reli grafiti kidogo sana, ile ya kwenye penseli laini. Kuna Wamarekani wanaoapa kwa mafuta ya mashine ya kinyozi. Nilienda kwa kinyozi wangu nikaomba matone mawili. Alinitazama kwa muda mrefu, akanipa, na mpaka leo akininyoa huuliza kama treni inaendelea vyema. Mafuta hayo husaidia kama ni kidogo. Yakizidi, vumbi linanasa na magurudumu yanateleza mlimani.

Lakini jamani, hata kiyeyusho si jibu. Kiyeyusho ni kufuta. Swali ni uchafu unatoka wapi.

Kabla sijalijibu, nina neno na wale wa dawa ya pili, wale wanaojiona wa kisasa. Hawa hawasugui. Hawa wanakuambia, "Weka kapasita tu." Ndani ya kichwa cha treni unaweka kapasita kubwa inayohifadhi umeme wa sekunde moja au mbili, ili treni ikipita penye uchafu isizime. Nakiri ni kitu kizuri kwa kichwa kifupi chenye magurudumu manne kinachovuka penye makutano ya reli. Lakini kama dawa ya reli chafu? Ndugu zangu watengeneza programu, tunaijua dawa hii. Ni ule msimbo unaozungushiwa kitanzi kinachomeza hitilafu kimya kimya ili mteja asione ujumbe mwekundu. Hitilafu haikwenda popote. Umeiziba mdomo.

Na hapa inakuwa mbaya zaidi. Fikirieni meza yangu. Treni yenye kapasita inapita penye uchafu. Inatembea, taa inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini haivuti umeme kutoka kwenye reli, kwa hivyo koili haihisi kitu. Treni inatembea mbele ya macho yako na tarakilishi inaapa kwamba njia ni tupu! Tena kuna la pili. Katika mfumo tunaotumia, DCC, umeme na amri hupita katika reli zile zile. Treni iliyokatika kutoka kwenye reli inaweza kuwa na nguvu za kutembea na isiwe na masikio. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha vyote, haisikii. Kuna mpangilio wa dikoda, CV11, wa kuiambia isimame kama haijapata ujumbe kwa muda fulani, lakini niambieni ni wangapi kati ya wanaouza dawa hii wanaoutaja.

Nikae kidogo kwenye DCC maana ni tamu. Mfumo huu ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na chama cha Marekani cha wapenzi wa reli ndogo, NMRA, kikaufanya kuwa kiwango katika miaka ya 1990. Reli inapelekewa umeme unaogeuka-geuka mwelekeo. Kila nusu ya biti ya 1 inachukua mikrosekunde 58, kila nusu ya biti ya 0 inachukua 100 au zaidi. Ujumbe wa kawaida unaanza na biti 14 za 1 za kumwamsha msikilizaji, kisha baiti ya anwani, baiti ya amri, na baiti ya ukaguzi inayopatikana kwa kuzilinganisha zile mbili biti kwa biti. Ukaguzi usipolingana, dikoda inautupa ujumbe. Pigeni hesabu wenyewe: ujumbe mmoja unachukua kati ya milisekunde 5 na 7. Treni yangu ikienda sentimita 20 kwa sekunde, katika milisekunde 6 inasogea milimita 1.2. Maana yake doa la uchafu la ukubwa wa kichwa cha pini linaweza kumeza ujumbe mzima kama magurudumu mengine nayo yamekaa vibaya.

Lakini wale Wajerumani walijua reli huchafuka! Ndiyo sababu kuna baiti ya ukaguzi, na ndiyo sababu kituo cha amri kinarudia amri za mwendo tena na tena bila kuchoka. Uchafu ukiharibu amri, amri inatupwa na nyingine inakuja. Upande wa kwenda umelindwa.

Upande wa kurudi je? Ile koili yangu haina ukaguzi wowote. Inajua kitu kimoja tu, mkondo upo au haupo. Na mimi, mtu ninayelipwa kwa kazi hii, nilichukua "hakuna mkondo" nikakitafsiri kuwa "hakuna treni", nikampa mtoto kama ukweli. Halafu mtoto alipopata majibu ya ajabu nikamwambia aangalie msimbo wake.

Reli kubwa zimepitia haya. Saketi ya reli ya William Robinson, aliyeipatia hataza Marekani mwaka 1872, ni werevu mtupu. Umeme mdogo unapita kwenye reli na kushikilia swichi. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake zinaunganisha reli mbili, swichi inaachia, taa inakuwa nyekundu. Reli ikivunjika, swichi inaachia. Umeme ukikatika, swichi inaachia. Kila hitilafu inaishia kwenye nyekundu, isipokuwa moja: reli ikiwa na kutu au uchafu, magurudumu hayaunganishi kitu, na treni ya mamia ya tani inapotea machoni pa ishara. Uingereza majira ya majani kupukutika majani hukandamizwa na magurudumu mpaka yanakuwa ngozi nyeusi juu ya reli, na kila mwaka wanapeleka treni maalumu za kuiosha kwa maji yenye shinikizo la bar 1,500. Mahali pengine wanatumia vihesabu ekseli, ambavyo havijali reli ni safi au la. Hawamwambii dereva akaangalie masharti yake tena.

Haya, uchafu ulikuwa unatoka wapi mezani kwangu? Nilitumia Jumamosi tatu jioni kuutafuta kama ninavyotafuta hitilafu kwenye programu, kitu kimoja kwa wakati.

Mhalifu wa kwanza alikuwa magurudumu ya plastiki ya mabehewa. Niliyakwangua kwa ukucha, yakatoa ukoko mweusi kama lami. Nilikuwa nasafisha reli, kisha napitisha juu yake mihuri ishirini na minane ya wino! Mabehewa yote saba sasa yana magurudumu ya chuma. Kichwa kimoja kina mikanda ya mpira kwenye magurudumu mawili ili kisiteleze, na ile nayo inapaka. Siwezi kuitoa, kwa hivyo naifuta.

Wa pili, mafuta. Mtangulizi wa shemeji alikuwa ametia mafuta ekseli zote kana kwamba ni baiskeli. Yalikuwa yanateremka kwenye gurudumu hadi kwenye reli.

Wa tatu ni waya, na huyu ndiye aliyenitia aibu. Kila kipande changu cha reli kilikuwa kinalishwa mahali pamoja tu, na kutoka hapo umeme ulitegemea vile vishikio vidogo vya bati vinavyounganisha reli na reli. Vishikio hulegea, huingia oksidi. Nilipima kwa mita: mwanzo wa kipande cha 3 nilipata volti nilizotarajia, mwisho wake, treni ikivuta, zilikuwa zimepungua waziwazi. Nimelehemu waya mbili kwa kila urefu wa reli, zikashuka hadi kwenye waya nene chini ya meza. Kazi ya kuchosha mgongo. Lakini sasa treni ikipoteza mguso mahali pamoja haipotezi na mahali pengine.

Sisi watu wa programu tunapenda kusimulia kwamba neno "hacker" lilikua katika klabu ya reli ndogo ya chuo cha MIT, iliyoanzishwa mwaka 1946, miongoni mwa vijana waliolala chini ya meza wakifunga swichi za simu. Steven Levy aliwaandika vizuri katika kitabu chake cha 1984. Tunajigamba kwa uzao huo. Kumbe kufunga waya chini ya meza ndiko kulikokuwa utukufu wenyewe, na mimi niliyejiita mrithi wao nilikuwa na waya mbili tu kwa kipande kizima.

Wa nne ni vumbi, na hapa wenzetu wa Ulaya hawawezi kunishauri sana. Hata Miniatur Wunderland kule Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na yenye treni zaidi ya elfu moja, inapigana na vumbi kila siku, lakini vumbi lao ni la nguo na ngozi za wageni. Letu ni jekundu, linatoka barabara isiyo na lami iliyo chini ya dirisha, na lina chembe ngumu zinazosaga kama msasa. Matatu moja ikipita, meza inabadilika rangi. Nimeshona shuka ya kuifunika meza wiki nzima na nimesogeza stesheni mbali na dirisha. Kabla ya darasa, mtoto mmoja wa zamu anapitisha kitambaa kikavu, na kitambaa hicho tunakibandika ukutani kikiwa na tarehe. Hiyo ndiyo rekodi yetu. Ukitazama ukuta unaona vitambaa vinazidi kuwa vyeupe, isipokuwa wiki ya pili ya upepo.

Msasa niliutupa. Sijaugusa tangu hapo.

Yule msichana nilimwendea nyumbani kwao, kwa sababu simu haikutosha. Nilibeba kile kitambaa cheusi cha siku ya kwanza ndani ya bahasha, na karatasi yenye msimbo wake wa Jumamosi ya pili. Nikamwambia mbele ya mamake kwamba msimbo ulikuwa sawa, kwamba nimeuendesha jioni nzima juu ya reli safi bila kubadilisha herufi na treni hazijagongana hata mara moja, na kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Hakutabasamu. Akakigeuza kitambaa upande huu na huu.

"Kwa hivyo tarakilishi haikujua treni iko wapi?"

"Haikujua."

"Mbona ikasema hakuna treni? Si ingesema haijui?"

Nikakaa kimya, kwa sababu katika miaka miwili ya kufundisha kwenye meza ile sikuwa nimeiwekea neno hilo. Kuna, hakuna. Treni iliyoingia kipande cha 3 na haijaonekana kipande cha 4 haiwezi kuwa imepaa mbinguni. Ilitakiwa kuwe na jibu la tatu, na treni ya pili isubiri mpaka mtu aje na kitambaa.

Hajarudi darasani bado, mamake anasema ameingia kwaya. Lakini juzi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari, msimbo umeandikwa kwa kalamu. Mstari wa nne una neno SIJUI, kwa herufi kubwa. Kuna kosa dogo mstari wa tisa, alama ya nukta mbili imesahaulika. Safari hii nilikagua reli kwanza, ndipo nikamwambia.